Namba ya Kwanza ya Mama Daphrose: Maisha ya Ambrose Mutsinzi, 1983–2025

Leo Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, tumepanda hapa makaburini Rusororo kumlaza Ambrose Mutsinzi, mwana wa Aimable na Daphrose, mume wa Kayitesi, baba wa Shallon na Kenny, fundi wa ving'ora. Anayewasomea haya ni mjomba wake Léonce, kaka yake Mama Daphrose. Familia ilikaa kutafuta mtu wa kuandika, na kwa kuwa mwandiko mzuri na sauti ya kufika mpaka nyuma viko kwa mtu mmoja tu katika ukoo huu, hapakuwa na ushindani. Aliombwa awe mfupi. Amejitahidi, lakini marehemu hakuwa mtu wa mistari miwili.

Ambrose alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Kayanga, Karagwe, nchini Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakiishi ugenini tangu utoto wao. Alikuwa mtoto wa pili baada ya dada yake Frida, na ndiye wa mwisho. Alizaliwa mdogo sana, na mjomba wake alipoletewa amshike aliuliza kama wengine bado wanakuja. Lakini sauti alikuwa nayo. Hakuweza kutumwa maji wala kuni bila kuita njia nzima. Akishuka mgombani akawa haoni nyumba tena, angesimama na kupaza sauti: "Mama!" Mama yake, popote alipo, hata kama mikono iko kwenye unga, ilibidi ajibu: "Nimekusikia!" Hapo ndipo mtoto alipiga hatua nyingine. Asipojibiwa, hakwenda mbele na hakurudi nyuma. Alisimama palepale kama mti mpaka asikie. Watu wa Kayanga walicheka wakasema mtoto huyu atazeeka akishikilia kanga ya mama. Alizeeka hivyo kweli, kwa kadiri alivyojaliwa kuzeeka.

Alianza shule ya msingi hapohapo Kayanga mwaka 1990. Mwaka 1996 familia ilirejea Rwanda, na Ambrose akaingia darasani Kimironko akiwa na Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha kuombea chumvi. Watoto walimcheka, naye akawacheka wao kwa Kiswahili, wasielewe, na hivyo wakawa sawa. Baadaye alisoma umeme katika shule ya ufundi hapa Kigali, akamaliza mwaka 2003. Wapo watakaosema leo kwamba alikuwa wa kwanza darasani, maana mtu akifa alama zake hupanda. Ukweli ni kwamba alikuwa wa katikati, tena katikati ya chini. Lakini likizo zote alizimaliza Kimisagara, katika kibanda cha redio cha mjomba wake, na huko ndiko alikojifunza kushika koleo na kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya bila kuunguza meza. Kuhusu meza, aliunguza mara kadhaa. Meza hiyo ipo bado, na mwenye kutaka kuona alama za mkono wa fundi mkubwa akiwa bado mdogo anakaribishwa.

Mwaka 2007 aliajiriwa na kampuni moja ya ulinzi hapa mjini, akakaa na kazi hiyo mpaka ugonjwa ulipomshusha ngazi. Kwa wasioijua kazi yenyewe, ni hivi. Kisanduku cha king'ora ukutani kinaweza kulia mpaka kikauke koo, lakini kelele peke yake haimleti mtu. Ndani ya kisanduku hupachikwa kifaa kidogo chenye laini ya simu na antena, na hicho ndicho kinachopeleka habari: mlango umevunjwa, umeme umekatika, mwenye nyumba ameomba msaada. Habari hufika kwenye chumba cha ulinzi, kwa watu wanaokaa mbele ya skrini. Ambrose alikiita kifaa hicho mdomo. Alipanda ngazi akatafuta ukuta ambao mtandao unashika, maana pale mabondeni Kimisagara mtandao hujificha kama mdaiwa. Antena aliitoa nje ya bati la kisanduku. Aliandika namba ya mteja, mahali pa kupeleka habari, nani apigiwe kwanza na nani afuate, na saa ambayo kisanduku kitajitangaza kila siku kwamba bado kiko hai.

Alikuwa na mtindo wake, na mafundi waliopo hapa wanaujua. Hakuwahi kuiacha nyumba na mdomo mmoja. Kama habari zinakwenda kwa waya wa intaneti, basi aliweka na laini ya simu. Kisha alimwita mwenye nyumba asimame mbele yake, akauchomoa ule waya, akakunja mikono na kungoja. Mwenye nyumba alidhani ameharibu. Halafu simu ya mwenye nyumba ililia, chumba cha ulinzi kikiuliza kama kuna shida. Ambrose alitabasamu kama mtu aliyegundua umeme. "Huo ni mdomo wa pili, mzee," alisema. "Mmoja hautoshi." Alijisifu? Alijisifu sana. Alisema hakuna fundi kama yeye wilaya nzima ya Gasabo, na alipoambiwa kwamba Gasabo ni kubwa, alisema ndiyo maana ameitaja. Tabia hiyo aliipata upande wa mama yake, kwa ndugu ambao hatutawataja.

Sasa tufike kwenye ndoa, ambayo ilianzia sakafuni.

Fundi akitaka kupima king'ora, sharti kwanza apige simu chumba cha ulinzi aseme: nyumba fulani iko kwenye majaribio. Asiposema, watu wa kule wanaamini ni wizi, wanatuma gari. Mwezi Juni mwaka 2009 Ambrose alikuwa anamaliza kazi katika duka la vitambaa karibu na soko la Kimironko. Mwenye duka alikuwa ametoka kula. Ambrose, kwa furaha ya kumaliza mapema, akafungua mlango wa nyuma ili king'ora kilie, akafurahi kinavyolia, akasahau kwamba hakupiga simu. Walinzi wakaingia, wakamkuta peke yake dukani, mkononi ana bisibisi, anatabasamu. Wakamkalisha chini katikati ya majora ya vitenge.

Walipiga simu chumba cha ulinzi, wakampa aongee. Upande wa pili alikuwa Kayitesi, ambaye wakati huo hakumjua hata kwa sura.

"Neno la siri," Kayitesi alisema.

"Dada, mimi ndiye fundi. Hilo neno nimeliweka mwenyewe asubuhi."

"Basi litakuwa jepesi kwako."

Halikuwa jepesi. Ambrose alitaja majina ya vitambaa, akataja jina la mwenye duka, akataja na la mama yake. Kayitesi alisikiliza yote kwa adabu, kisha akawaambia walinzi wamwache hapohapo alipo. Alikaa hapo mpaka mwenye duka aliporudi akipangusa mdomo, akacheka, akalitaja neno. Lilikuwa isombe, kisamvu cha kwetu. Ambrose alikuwa amelichagua akiwa na njaa.

Alirudishiwa simu. "Siku nyingine, dada, uwaambie angalau wanipe kiti," alisema.

"Siku nyingine utapiga simu kwanza," Kayitesi alijibu.

Tangu siku hiyo alipiga. Alipiga kabla ya kupima, akapiga baada ya kupima, akapiga kuhusu ving'ora vizima ambavyo havikumwita. Kayitesi alikuja kusema kwamba mwaka ule zilipimwa nyumba nyingi kuliko zilizokuwa na milango. Posa ilipopelekwa, msemaji wa upande wetu alikuwa mjomba wake Léonce, na walioshuhudia wanajua alivyosema siku ile, hakuna haja ya kurudia. Upande wa binti uliuliza kama bwana harusi ndiye yule mwizi wa vitenge. Tulikiri. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2011, wakaweka makao Kimironko, na Mungu akawapa Shallon mwaka 2012 na Kenny mwaka 2016.

Mtu mmoja tu hakucheka hadithi hiyo ya duka. Mama Daphrose aliposimuliwa aliuliza: "Huyu ndiye aliyemkalisha mwanangu sakafuni?" Akaambiwa ndiye. Kuanzia hapo hakumwita mkwewe kwa jina. Alimwita Afande. Kwa upole, lakini Afande. "Afande ameleta sukari." "Mwambie Afande chai iko tayari." Wengine tulidhani ni mzaha, na kwa nusu ulikuwa mzaha. Ile nusu nyingine Kayitesi aliijua yeye, akainyamazia miaka yote, na Ambrose alikuwa katikati yao akipeleka habari huku na huku.

Mzee Aimable alifariki mwaka 2014, na Mama Daphrose akabaki peke yake katika nyumba waliyoijenga Kinyinya. Aliombwa ahamie Kimironko. Alisema ana mbuzi. Mbuzi akafa, akasema ana maharage. Mwaka 2018 aliteleza bafuni asubuhi, akalala pale sakafuni bila kuweza kuinuka, mpaka jirani alipopita kuomba moto mchana. Ambrose alifika akamkagua mama yake mikono na miguu. Alitoka nje akasimama uani akiwa ameupa mlango mgongo, na mjomba wake, aliyemjua tangu akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, alimwacha asimame.

Juma lililofuata aliweka kisanduku ukutani kwa mama yake. Mama akienda kulala anabonyeza namba zake, milango inalindwa. Akiamka anabonyeza tena, kisanduku kinatulia, na hapohapo kile kifaa cha ndani kinapiga simu kwa Ambrose kumjulisha kwamba mama ameamka. Ambrose anabonyeza moja kwenye simu yake kuthibitisha amepokea. Kifaa cha aina ile hurekodiwa sauti ya kusema habari. Ambrose alimwambia mama yake aseme, "Mama ameamka salama." Akabonyeza kurekodi, akampa ishara. Mama aliona taa nyekundu, akaona mwanawe amekaza macho kwenye kifaa, akadhani simu imeshika. Akasogea karibu, akauliza alichouliza kila siku ya maisha yake: "Ambrose, umekula?"

Hiyo ndiyo iliyorekodiwa. Sharif, rafiki yake na mwenzake wa kazi kutoka Tanga, ambaye yuko hapa leo, alimwambia aifute warudie. Ambrose hakuifuta. Kwa hiyo kila asubuhi, popote alipokuwa, juu ya ngazi au mswaki mdomoni, simu yake ililia, na sauti ya Mama Daphrose ikauliza, "Ambrose, umekula?" Alibonyeza moja. Kisha alimpigia mwenyewe na kusema, "Nimekusikia, Mama." Wale wa Kayanga mliosafiri mpaka hapa mnajua alikotoa maneno hayo.

Sharif ndiye aliyeona kingine. Aliangalia ndani ya kisanduku akasema: "Kaka, hapa umeweka namba moja tu. Yako. Wewe wa midomo miwili!"

Ambrose akajibu, "Nani mwingine amsikie? Nipo mimi."

Alisema hivyo akiwa na miaka thelathini na mitano, mzima, mabega mapana, ngazi begani. Nani angebishana naye? Akafunga kisanduku kwa ufunguo, akamkabidhi mama yake, na mama akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nyumba zote za wageni alizipa midomo miwili. Ya mama yake aliipa mmoja, na mdomo huo ulimjua mtu mmoja tu.

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni viatu. Akanunua vingine, miguu ikavimba navyo. Hospitali walikuta ni figo, zote mbili, na kuanzia Februari 2024 alikuwa akienda kusafishwa damu kila wiki. Aliwachekesha wauguzi. Alikagua mashine waliyomfunga, akauliza umeme ukikatika inamwambia nani, na hakutulia mpaka alipoonyeshwa. Kazini walimpa kukaa ofisini, akaandaa vifaa mezani ili Sharif na wengine wakavifunge. Ilipofika katikati ya mwaka huu hakuweza hata hilo. Kayitesi, ambaye alikuwa ameacha kazi ya chumba cha ulinzi alipozaliwa Kenny, alirudi kuwa mtu wa kukaa macho akisikiliza, ila sasa alisikiliza pumzi ya mtu mmoja.

Hapo ndipo Ambrose alipoanza kuhangaika na kisanduku cha Kinyinya. Hakuogopa kufa kwa namna watu wanavyoogopa. Mjomba wake alikaa naye jioni nyingi, na mara zote alikuwa na hofu moja: siku Mama akianguka tena, au asipoamka, simu haitalia, na wa kujua kwamba haikulia hatakuwepo. Alitaka namba ya pili iongezwe, na alitaka iwe ya Kayitesi, maana katika Kigali nzima hakumjua mtu aliyejua kusikiliza kama yeye.

Septemba alipelekwa Kinyinya, Sharif akiendesha, mjomba wake akimshika kiuno. Alikaa kwenye benchi la mama yake akivuta pumzi mpaka akapata ya kuongelea.

"Mama, nipe ufunguo. Naongeza namba moja tu."

"Ya nani?"

"Ya Kayitesi."

"Afande? Nikiamka nimwambie Afande ili iweje?" Mama alicheka kidogo, lakini mkono ulikwenda kwenye ncha ya kitenge ukakaa hapo.

"Mmoja hautoshi, Mama. Unajua ninavyowaambia watu."

"Watu si mama zako." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama: "Nikikupa huu ufunguo, nitakuwa nimekubali."

Ambrose hakuuliza amekubali nini. Mama aliinuka akaenda jikoni kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. Sharif alinong'ona kwamba kile kifuniko kinafunguka kwa bisibisi, kazi ndogo, mukecuru, yaani bibi mzee, hatajua. Ambrose akatikisa kichwa. "Nyumba ya mama yangu sivunji," alisema. Wakanywa uji, wakaaga. Garini alitazama nje muda wote, na walipokuwa wanashuka kuelekea Kimironko alisema: "Mjomba, mji huu nimeuwekea midomo miwili kila mahali. Kwetu tu ndiko sikuweka."

Jumamosi, tarehe 8 Novemba, Ambrose aliamka hospitalini akiwa mchovu sana. Kulipopambazuka simu yake ililia. Kayitesi akamwekea sikioni. Alisikiliza, akatafuta kitufe kwa kidole, kidole hakikufika, mkewe akakiongoza mpaka kwenye moja. Kisha akasema polepole, "Mwambie nimekula." Alikuwa hajala kitu tangu Alhamisi. Kayitesi alipiga simu Kinyinya, akasema, "Mama, anasema amekula." Mama Daphrose aliuliza amekula nini. Kayitesi, mwanamke aliyezoea kudai neno la siri bila kumwonea mtu haya, akajibu: "Isombe, Mama."

Ambrose alitabasamu aliposikia hilo. Alifariki saa nne asubuhi hiyohiyo, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Mama Daphrose aliletwa kwenye msiba Kimironko, akakaa kati ya kina mama, hakulia. Jumapili jioni akataka arudishwe kwake. Tulimsihi, kila mtu kwa ufundi wake, na walio na ufundi zaidi walishindwa zaidi. Alirudishwa, akalala, na Jumatatu asubuhi alipoamka alibonyeza namba zake kama kawaida. Kifaa kikapiga simu kwa Ambrose. Simu ya Ambrose ilikuwa imezimwa, iko ndani ya mfuko wa vitu vya hospitali. Kikapiga tena. Vifaa hivi havichoki upesi, vinarudia na kurudia. Vikishindwa kabisa, kisanduku huwasha taa ya njano na kuanza kulia kwa kidogo kidogo, tii, kinanyamaza, tii, mpaka mtu aje.

Jirani alimpigia Léonce akamwambia kuna kitu kinalia kwa mukecuru na hafungui mlango. Tukaondoka, Sharif, Kayitesi na mjomba mtu, tukiogopa kila mmoja kivyake. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ni vile jirani hakuwa ameusukuma. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kisanduku, mgongo ukutani, ameelekeza uso juu. Kayitesi akapiga magoti mbele yake.

"Kinalia tangu nilipoamka," Mama alisema. "Kinasemaje?"

Kayitesi aliujua mlio ule. Angeweza kusema ni betri. Angeweza kusema ni mtandao, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Kinasema kimepiga, Mama. Kimepiga sana, na hakuna aliyepokea."

Kisanduku kililia mara nyingine. Mama Daphrose akasema, "Basi ni kweli," na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ileile iliyokuwa ikijibu kutoka jikoni Kayanga, na Kayitesi alimshika, na walikaa hivyo chini, sakafuni, wote wawili, muda mrefu, na sisi wanaume tukatoka uani tukasimama tukiwa tumeupa mlango mgongo.

Tulipoitwa ndani, Mama alikuwa amefungua ncha ya kitenge. Alimpa Sharif ufunguo.

"Weka ya huyu," alisema. "Lakini ya Ambrose ibaki juu. Kianze kwake."

"Kitachelewa kidogo, Mama," Sharif alimweleza. "Kitamtafuta kwanza, kingoje, ndipo kije kwa Kayitesi."

"Kingoje."

Sharif akaandika. Akauliza kama abadilishe na ile sauti, Mama aseme upya, ataje jina la Kayitesi. Kabla Mama hajajibu, Kayitesi alisema, "Iache, Sharif." Alipotaka kupima, kama Ambrose alivyofundisha watu wote kupima kabla ya kuondoka, Mama ndiye aliyemzuia. "Kesho nitaamka," alisema. "Tutapima kwa kuamka."

Jumanne asubuhi nyumba ya Kimironko ilikuwa imejaa. Kayitesi alikuwa ameichaji simu ya mumewe na kuiweka kabatini, karibu na picha mnayoiona kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Ikalia. Shallon aliinuka kuifuata, mama yake akamshika mkono, akamwambia: "Ngoja. Apigiwe yeye kwanza." Tukasimama wote tukaitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ukapita muda. Wapo walioanza kusali. Kisha simu ya Kayitesi ikalia mkononi mwake, akaiweka sikioni, na sisi tuliokuwa karibu tukaisikia: "Ambrose, umekula?"

Akabonyeza moja. Akafuta uso, akapiga Kinyinya.

"Nimekusikia, Mama."

Kisha sauti ya Mama Daphrose, safari hii yenyewe, ikauliza: "Wewe umekula?"

"Bado, Mama."

"Kula, mwanangu."

Ambrose Mutsinzi ameacha mjane, Liliane Kayitesi, watoto, Shallon na Kenny, mama yake mzazi, Mama Daphrose wa Kinyinya, dada yake Frida na familia yake huko Karagwe, mjomba wake Léonce, ambaye alitarajia kuzikwa na kijana huyu na si kinyume chake, rafiki yake Sharif, tunayemhesabu kuwa ndugu, wafanyakazi wenzake, na nyumba nyingi za mji huu ambazo leo asubuhi, moja baada ya nyingine, zimejitangaza kwamba ziko hai, kwa saa aliyozipangia yeye.

Pumzika sasa kwa amani, Ambrose. Shuka tu, usisimame njiani. Mama ameamka, na amesikika.